Nimepunguza nikeli kwenye stenlesi: ni uvumbuzi, au ni mbege ile ile iliyopungua msesewe?

#1 MwanaKalibu

Wakuu habari za jioni. Wazee, shikamooni.

Nina karakana ya kusubu vyuma Unga Limited, hapa Arusha. Tanuru letu ni dogo, la umeme, kilo 100. Kazi kubwa ni impela, yale mapanga yanayosukuma maji, za pampu za visima na vipuri vya mashine za kumenyea kahawa. Wateja wa visima kilio chao ni kimoja: mchanga. Impela inakula mchanga miezi minane, pete yake imekwisha, na zikiwa zote ni stenlesi ya kawaida zinakamatana mpaka shafti inagoma. Mafundi mnaelewa. Stenlesi ikisuguana na stenlesi mwenzake hung'ang'aniana kama imechomelewa, unaifungua kwa nyundo na matusi.

Kijana wangu, mtoto wa dada, alimaliza ufundi miaka mitatu iliyopita akaja kunisaidia. Mtundu sana. Alianza kwa sababu ya ubahili wangu: nikeli ni ghali, na skrepa nzuri tunagombania na watu wa Nairobi. Akapunguza nikeli, akaongeza manganizi, akaweka silikoni nyingi kuliko nilivyozoea kuona, na naitrojeni. Impela zikatoka. Tumezifunga kwenye visima vitano upande wa Kisongo na Mateves, kimoja sasa kina miezi kumi na minne, na pete ukiigusa bado ina ukingo.

Vipimo vyetu ni hivi: [NIMEFUTA, soma bandiko #4]

Sasa mshauri mmoja hapa mjini tulimlipa laki sita, akatuambia: "Aloi (mchanganyiko wa metali) ambayo haijawahi kutengenezwa popote ni hataza moja kwa moja, lete ada." Hataza ndiyo ile haki ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako. Juzi jamaa mwingine anayejua mambo haya akacheka, akasema hiyo ni dhahiri, hakuna mkaguzi wa hataza atakayeipitisha. Dhahiri kwa nani, jamani? Mimi nina miaka ishirini kwenye moto na isingenijia.

#2 Ndondocha_Original

Naweka kambi hapa. Ngoja waje.

#3 ChaliiWaSakina

Chalii wangu umegundua chuma Bongo unategemea nini? Wachina watakuwa nacho Kariakoo wiki ijayo kwa nusu bei 😂

#4 WakiliKiborloni

Mkuu kabla ya salamu: futa hizo namba. Sasa hivi. Kama unakula, acha chakula.

#5 MwanaKalibu

Nimefuta. Zilikaa kama saa mbili. Kuna shida?

#6 WakiliKiborloni

Shida ipo, ila si ya kulia bado.

Hataza inataka mambo matatu, na Sheria yetu ya Hataza, Sura ya 217, inayataka kama wanavyoyataka wengine: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi, kiweze kutumika viwandani. Upya unapimwa kwa kila kilichokuwa wazi kabla hujapeleka ombi. Kiwe kiliandikwa kwa Kirusi, kiwe kilibandikwa jukwaani na mwenye mali mwenyewe huku anasubiri ugali uive. Ukitaka kwenda Ulaya, bandiko lako #1 linaweza kukuangusha wewe mwenyewe. Wamarekani wanampa mvumbuzi aliyejianika nafuu ya miezi 12. Andika tarehe ya leo ukutani kwa chaki.

Sasa huyo mshauri wa laki sita. Kachanganya vitu viwili. "Haijawahi kutengenezwa" ni habari ya upya. "Dhahiri" ni swali lingine kabisa, nalo ndilo linaloua maombi mengi ya aloi. Kwa nini aloi hasa? Kwa sababu aloi ni orodha ya namba, na kati ya namba mbili kuna namba nyingine zisizo na idadi. Ningeweza usiku huu kukuandikia aloi elfu moja ambazo hakuna aliyewahi kuziyeyusha, na mimi hata kuchomelea geti sijui.

Nikusimulie kesi moja. Marekani, 1985, Titanium Metals dhidi ya Banner. Kampuni ilidai aloi ya titani yenye nikeli asilimia 0.6 hadi 0.9 na molibdenamu 0.2 hadi 0.4. Waligundua inavumilia maji ya chumvi ya moto vizuri ajabu. Mkaguzi akaibua makala ya Warusi ya 1970. Ndani ya makala kuna grafu, kwenye grafu kuna nukta, na nukta ile ni molibdenamu 0.25 na nikeli 0.75. Makala haikutaja kutu hata kwa neno moja. Mahakama ikasema aloi ilikwishakuwepo, na kuigundulia sifa hakuifanyi iwe mpya.

Hapo ni upya. Lakini kulikuwa na dai jingine, la nikeli 0.8 na molibdenamu 0.3 kamili. Hiyo haikuwa juu ya nukta. Nayo ikaanguka, safari hii kwa sababu ni dhahiri: imekaa karibu mno na ile ya zamani kiasi kwamba mtu wa fani angetarajia sifa zile zile. Nukta moja, mkuu. Kwenye grafu ya watu ambao hata hawakuwa wanatafuta ulichokuwa unatafuta wewe.

#7 BabuKibosho

Wajukuu, nimesoma nimeelewa nusu. Nisaidieni kwa lugha yangu.

Mbege ni ndizi, mso wa ulezi, na msesewe wa kuleta uchungu. Kila nyumba hapa Kibosho ina kipimo chake. Sasa akaja mtu akaweka msesewe nusu ya anaoweka jirani, akasema nimegundua pombe, asiinywe mtu bila kunilipa. Sisi tutamfukuza kwa fimbo. Ndivyo?

#8 WakiliKiborloni

Shikamoo babu. Ndivyo hasa. Ila ngoja nikuulize: je, kama kila mzee wa Kibosho anaapa kwamba ukipunguza msesewe hadi hapo mbege inachacha usiku huo huo, halafu yeye kapunguza na imekaa siku tano ikiwa tamu?

#9 BabuKibosho

Marahaba. Hapo nitamwita ndani, nimwekee kata, nimwombe anionyeshe.

#10 WakiliKiborloni

Basi babu umemaliza somo. Tofauti ya fimbo na kata ndiyo hatua ya uvumbuzi.

#11 MamaMetali

Habari zenu. Nimefundisha metali muda mrefu, sasa nimestaafu, nipo Shanty Town Moshi na kuku wangu. Mwanangu MwanaKalibu, namba zako niliziona kabla hujazifuta, samahani. Sitazirudia. Nitataja zilizochapishwa tu.

Alichofanya kijana wako kina ukoo. Stenlesi ya kawaida, 304, ni kromiamu 18 na nikeli 8. Nikeli ilipoadimika, hasa miaka ya vita vya Korea, watu walihamia manganizi na naitrojeni, ndiko zilikotoka 201 na 202. Hilo la kwanza. La pili, ugonjwa wa kukamatana ulikwishapata dawa: silikoni nyingi. Kampuni ya Armco walitoa stenlesi iitwayo Nitronic 60, kromiamu 16 hadi 18, manganizi 7 hadi 9, nikeli 8 hadi 9, silikoni 3.5 hadi 4.5, na naitrojeni kidogo. Ipo hata ya kusubu, na inatumika kwa pete za pampu, kazi yako hiyo hiyo. Halafu kampuni ya Carpenter wakaja na yao, Gall-Tough, nikeli imeshushwa hadi 4 mpaka 6, manganizi 4 mpaka 6, silikoni 3 mpaka 4.

Unaiona njia? Nikeli 8, kisha 5. Na wewe umeshuka tena. Mkaguzi atachora mstari huo kwa rula na kusema hatua inayofuata ilikuwa inamsubiri yeyote mwenye miguu.

#12 MwanaKalibu

Shikamoo mama. Hiyo Nitronic sijawahi kuisikia maishani, wala kijana. Naapa.

#13 MamaMetali

Marahaba. Nakuamini, ila haikusaidii.

#14 WakiliKiborloni

Kweli kabisa. Yule "mtu wa fani" wa sheria si wewe, si mama hapa, si mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Ni fundi wa kufikirika aliyesoma kila kitu kilichochapishwa, anajua kazi yake vizuri, ana mikono ya kufanya majaribio ya kawaida, lakini hana kipaji. Hashtuki usiku na wazo. Swali ni kama HUYO angefika pale ulipofika.

#15 InjiniaThemi

Nimekuja kumwaga mchanga kwenye kitumbua. Hii ni dhahiri na sioni mjadala.

Tangu 1949 kuna mchoro wa Schaeffler. Upande mmoja unajumlisha vinavyovuta chuma kwenye feraiti, mpangilio wa ndani unaoshika sumaku: kromiamu, molibdenamu, silikoni mara 1.5. Upande wa pili vinavyovuta kwenye austenaiti, mpangilio usioshika sumaku: nikeli, kaboni mara 30, manganizi mara 0.5. Baadaye naitrojeni ikaongezwa, nayo mara 30. Ukishusha nikeli pointi 2 unazirudisha kwa naitrojeni asilimia 0.07. Basi! Hesabu ya darasa la tano. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili anaifanya kwa simu.

Na Wamarekani walisema wazi 2007 kwenye kesi ya pedali, KSR dhidi ya Teleflex, kwamba fundi wa kawaida si roboti. Akiwa na tatizo linalojulikana na njia chache zinazotabirika, atazijaribu, na akifaulu hilo ni zao la ujuzi wa kawaida.

#16 ChaliiWaSakina

Injinia kaua uzi 😂 Kalibu rudi kwenye mageti

#17 MamaMetali

Injinia, hesabu yako iko sawa, ila umeifanya kwenye karatasi. Kwanza mchoro ule ulichorwa kwa ajili ya chuma cha kuchomelea, si cha kusubu kwenye kalibu la mchanga kinachopoa taratibu. Lakini hilo nakuachia.

Kubwa ni hili. Unasema "ongeza naitrojeni 0.07" kama mtu anayeongeza chumvi. Naitrojeni ni hewa. Lazima iyeyuke ndani ya chuma cha maji na ikubali kubaki humo chuma kinapoganda. Kromiamu na manganizi huikaribisha, silikoni huifukuza. Sasa wewe una silikoni nyingi kwa ajili ya kukamatana, umeondoa nikeli, na unataka kuingiza naitrojeni zaidi kufidia. Silikoni inaisukuma nje. Ikitoka wakati wa kuganda unapata mashimo kama maandazi. Isipoingia kabisa unapata feraiti, na feraiti yenye kromiamu na silikoni nyingi ikipoa taratibu huzaa awamu ya sigma, chuma kinavunjika kama sahani.

Nami nikiwa darasani ningewaambia wanafunzi: silikoni nne na nikeli tatu msijaribu.

#18 WakiliKiborloni

Mama, hiyo sentensi yako ya mwisho ni pesa. Imechapishwa popote?

#19 MamaMetali

Niliisema kwa mdomo. Lakini kwamba silikoni hupunguza uyeyukaji wa naitrojeni, hilo limo kwenye vitabu.

#20 WakiliKiborloni

Basi wakuu kaeni vizuri, hapa ndipo penye nyama.

Munich, kwenye Ofisi ya Hataza ya Ulaya, wana utaratibu. Wanachukua kitu cha zamani kilicho karibu zaidi na chako. Hapa ni Gall-Tough, si 304, wala si 201. Wanauliza: tofauti ni nini? Nikeli pungufu. Tofauti hiyo inaleta nini? Kutokana na hilo wanaunda tatizo. Halafu swali la mwisho, na kwa Kiswahili linakaa vizuri kuliko kwa lugha yao: si kama fundi ANGEWEZA kushusha nikeli, bali kama ANGEISHUSHA, kwa kutarajia kufaulu. Angeweza ni ya kila mtu. Injinia kwenye #15 ametuthibitishia angeweza. Mama kwenye #17 anasema asingefanya.

Vitabu vikimsukuma fundi mbali na njia yako, na wewe ukapita njia hiyo ukatoka salama, una hoja. 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu kwenye kesi ya betri ya Adams. Kila kipande cha betri ile kilijulikana, lakini wataalamu hawakuamini kama ingefanya kazi. Hataza ikasimama. Mwaka huo huo, kesi ya Graham dhidi ya John Deere, kibano cha jembe la trekta, ikaanguka, maana mabadiliko yale fundi yeyote angeyaona.

#21 Ndondocha_Original

Jembe la trekta mpaka Mahakama Kuu? Wenzetu wana muda.

#22 WakiliKiborloni

Ni kati ya kesi zinazotajwa sana kwenye mambo ya udhahiri. Na kabla yake, 1851, ni vitasa vya milango. Mtu alibadilisha mbao na chuma akaweka udongo wa kufinyanga. Mahakama: hiyo ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi.

Lakini MwanaKalibu usianze kushangilia. Kuna Peterson, 2003. Aloi ya nikeli ya mapanga ya injini za ndege. Aliomba reniamu asilimia 1 hadi 3. Hataza ya zamani ilisema 0 hadi 7. Chake kimo tumboni mwa cha zamani, kwa hiyo moja kwa moja kinadhaniwa ni dhahiri, na mzigo unahamia kwake. Akasema: mimi nina matokeo yasiyotarajiwa. Wakamwambia matokeo yako yanaonyesha karibu na 2, sisi tunataka kuona faida hiyo imeenea eneo lote unalodai. Akashindwa.

Kwa hiyo wewe una visima vitano. Vizuri. Mmelinganisha na nini?

#23 MwanaKalibu

Na impela za zamani tulizokuwa tunasubu. Za skrepa ya 304.

#24 WakiliKiborloni

Hapo ndipo utakapokatwa. 304 inajulikana dunia nzima kwamba inakamatana. Kuishinda 304 kwa kukamatana ni kumshinda kilema mbio. Lazima uishinde Gall-Tough, au angalau uifikie kwa nikeli ambayo vitabu vinasema haitoshi.

#25 InjiniaThemi

Na mimi nina swali moja dogo tu. Naitrojeni mliipima na nini?

#26 MwanaKalibu

Kuna jamaa ana ile bastola ya eksirei, anakuja kupima skrepa. Inaandika kila kitu kwenye skrini.

#27 InjiniaThemi

Haiandiki kila kitu, mkuu. Bastola ile ya mkononi haisomi naitrojeni. Wala kaboni. Elementi hizo ni nyepesi mno kwake. Namba ya naitrojeni uliyoweka kwenye #1 ilitoka wapi?

#28 MwanaKalibu

...

Kijana alipiga hesabu kutokana na ferokromi (aloi ya chuma na kromiamu) yenye naitrojeni aliyoweka. Kwamba iliyoingia ndiyo iliyomo.

#29 ChaliiWaSakina

Aisee.

#30 MamaMetali

Msimcheke. Hilo kosa nimelisahihisha kwenye karatasi za watu wenye shahada mbili.

Lakini mwanangu, unaelewa maana yake. Kitu kinachobeba hoja yako yote, kile ambacho mimi nasema silikoni inakifukuza, hujui kama kimo. Huenda kimo nusu. Huenda impela zako ni feraiti kwa sehemu na zinafanya kazi kwa sababu nyingine kabisa. Chukua sumaku, ipitishe kwenye impela zote mlizonazo. Austenaiti haishiki sumaku. Ikishika, kuna feraiti humo.

#31 BabuKibosho

Mimi nilifanya kazi ya mashine za kukerezea miaka ya themanini, nikawa na msumeno wa stenlesi ambao haukuisha. Swali langu: hivyo vyuma vyenyewe, vya kwanza kabisa, vilipewa hataza? Maana naona kila kitu ni dhahiri kwenu.

#32 MamaMetali

Shikamoo kaka. Swali zuri, na jibu lake linamhusu MwanaKalibu kuliko anavyodhani.

Wote tumekaririshwa Harry Brearley, Sheffield, Uingereza, 1913. Alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyoliwa upesi. Akasubu chuma chenye kromiamu 12.8 na kaboni 0.24, akaona asidi ya maabara haikiumi, siki na limau pia. Akakiona kisu mezani. Waajiri wake hawakushtuka.

Lakini miaka kadhaa kabla yake, Mfaransa Léon Guillet alikuwa amekwishatengeneza na kuchapisha vyuma vya kromiamu vya namna hiyo. Akavipima nguvu, akavipiga picha, akaviandikia makala. Kutu hakuitazama. Kisha Mjerumani Monnartz, 1911, akaandika kwamba chuma kikiwa na kromiamu ya kutosha hakiliwi na asidi. Kampuni ya Krupp ya Ujerumani nao wakaomba hataza yao 1912. Na Marekani Elwood Haynes alikuwa anadai kitu hicho hicho, wakavutana na Brearley, mwisho wakaunganisha hataza zao kwenye kampuni moja. Brearley alipata yake ya Marekani 1916, kromiamu 9 hadi 16, kaboni chini ya 0.7.

#33 WakiliKiborloni

Na ukiipeleka hiyo leo mbele ya majaji wa 1985, na makala za Guillet mezani... sijui angepona, babu. Nukta ile ya Warusi ingemfuata.

#34 BabuKibosho

Kwa hiyo baba wa stenlesi mwenyewe angefukuzwa kwa fimbo. Sawa, nakwenda kulala.

#35 ChaliiWaSakina

Swali la kweli sasa, sicheki. Si kuna Itifaki ya Arusha kabisa ya hawa ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika? Si aende hapo hapo mjini?

#36 WakiliKiborloni

Itifaki ya Arusha, 2015, ni ya aina mpya za mimea. Akigundua mgomba, aje. Ya hataza ni ya Harare, 1982, na Tanzania imo. Anaweza kupitia BRELA, wakala wetu wa serikali wa usajili, au ARIPO akaitaja Tanzania na nchi nyingine wanachama.

Na kuna mlango wa pembeni ambao huyo mshauri wa laki sita hakumwambia: sheria yetu ina cheti cha matumizi, ambacho hakidai hatua ya uvumbuzi. Kinataka upya na matumizi tu. Ni kinga fupi, ila kwa karakana ya kilo 100 inaweza kutosha. Tatizo ni upya, na upya aliuanika kwa muda wa saa mbili jioni ile.

#37 MwanaKalibu

Wakuu nilipotea wiki mbili, umeme na maisha. Nimerudi na habari.

Tumefanya kama mama alivyosema na wakili alivyosema. Tumeyeyusha mara tatu, nikeli ya chini kuliko yetu, yetu, na ya juu ikiwa ndani ya ile ya Carpenter. Silikoni na manganizi hatukugusa. Tukasugua vipande viwili viwili kwenye mashine ya kutobolea kwa mzigo ule ule, muda ule ule. Ya kwetu na ya juu zimetoka sawa, alama tu za mikwaruzo. Ya chini imekamatana dakika ya pili, tukaivunja.

#38 InjiniaThemi

Ukweli usemwe: hilo sikulitarajia. Nilidhani zote tatu zitakuwa sawa, au ya kwako itakufa pamoja na ya chini.

Lakini sawa na ya zamani si bora kuliko ya zamani.

#39 WakiliKiborloni

Si lazima iwe bora. Tatizo linaweza kuwa "kupunguza gharama bila kupoteza kazi". Kufikia kazi ile ile kwa nikeli ambayo mtu wa fani angesema haitoshi, hiyo ni hoja inayosikilizwa. Na ya chini imeanguka, maana yake kuna ukingo. Wakaguzi wanapenda ukingo. Ila jaribio moja kwenye mashine ya kutobolea si ukingo, ni tetesi. Rudia kila moja mara tano, naitrojeni ipimwe maabara yenye mtambo unaoisoma.

#40 MwanaKalibu

Kuna kingine kinanichanganya. Nimepitisha sumaku. Impela za visimani zote hazishiki. Lakini hizi za wiki hii, mchanganyiko wetu ule ule, bastola inasoma vile vile mpaka nukta ya pili, kuna vipande vinashika. Mama nimekutumia viwili kwa Noah ya asubuhi, vimefungwa kwenye gazeti, dereva utamjua kwa kofia ya Simba. A kilisubiwa mwaka jana, B juzi.

#41 MamaMetali

Nimevipokea stendi, dereva alitaka elfu tano ya soda nimempa mbili.

A sumaku haikigusi kabisa. B inakishika, si kwa nguvu, lakini inakishika. Nimekata B kwa msumeno: kuna vijishimo viwili katikati, vidogo kama mbegu za ulezi. A hakina. Kwa hiyo namba za bastola ni zile zile na vyuma ni viwili tofauti. Naitrojeni imebaki A, imekimbia B.

Mwaka jana nani alikuwa anamimina?

#42 MwanaKalibu

Kijana mwenyewe. Juzi nilimimina mimi, yeye alikwenda msibani Rombo. Ana namna yake ya kuweka ile ferokromi, na muda wake, mimi nilidhani ni mbwembwe tu za vijana. Anaandika kwenye daftari. Yeye huwa anaweka

#43 WakiliKiborloni

ISHIA HAPO HAPO.

#44 MamaMetali

Asante wakili. Mwanangu, akirudi kutoka Rombo mpe pole yangu, kisha piga picha ukurasa wa siku aliyomimina A. Unitumie inboksi, na wakili naye. Hapa jukwaani usiandike tena kitu.

#45 Ndondocha_Original

Kambi yangu imevunjwa bila kupewa chai.